Gari Lililofungwa Dirishani

Kwa miaka ishirini na minane niliendesha basi la wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni, na sikuchelewa hata siku moja. Si mvua, si foleni, si tairi lililopasuka njiani. Zamu ya asubuhi iliingia saa kumi na mbili kamili, na kila ilipofika saa kumi na mbili kasoro kumi mlinzi wa geti alikuwa ameshaiona pua ya basi langu. Ndiyo maana wakaniita Mama Dakika. Ninalisema hili mapema ili asije mtu akaniambia kuchelewa ni jambo la kawaida kwa binadamu. Kwangu halikuwa la kawaida. Nilichelewa mara moja tu maishani mwangu, na kilichonichelewesha ni mayai.

Nilipostaafu nilikichukua kiinua mgongo changu chote nikanunua gari la kulala. Wapima ardhi walikuwa wakilitumia huko maporini wanakokaa miezi, halafu kampuni yao ikaliuza. Ndani lilikuwa na kitanda, jiko la gesi la plati mbili, sinki dogo la kunawia na kabati linalofungwa kwa kitasa ili vyombo visimwagike kwenye kona. Juu ya paa lilikuwa na paneli tatu za sola, zimebandikwa kwa gundi nyeusi ambayo hata patasi haikuiweza. Chini ya kitanda kulikuwa na betri mbili nzito pamoja na inveta ya kugeuza nguvu yake kuwa umeme wa nyumbani. Mume wangu alilizunguka mara mbili, mikono mgongoni.

"Mke wangu, umenunua gari au nyumba?"

"Vyote viwili. Ukinikera nahamia humo."

Alicheka. Majirani nao wakalipa jina la Konokono, kwa kuwa linatembea na nyumba yake mgongoni.

Lakini sikulinunua ili nilale humo, wala ili nitalii. Nililinunua kwa ajili ya dada yangu. Mama yetu alipofariki mimi nilikuwa na miaka mitano na dada kumi na mitano. Akaacha shule siku ileile ya matanga, akaanza kufua nguo za watu ili mimi nisome. Kila nilichonacho, hata leseni yangu ya udereva, kilitoka kwenye vidole vyake vilivyochubuka kwa sabuni. Yeye aliishi mwendo wa siku mbili kutoka kwangu, na katika miaka yote ile hakuwahi kuniona nikiwa nyuma ya usukani. Siku moja alinitania kwenye simu, "Umebeba mji mzima, mdogo wangu. Nimebaki mimi tu sijapanda." Tukacheka, lakini mimi neno lile lilinikaa.

Halafu moyo wake ukaanza kuchoka. Miguu ikavimba, ngazi tatu zikawa mlima. Daktari alimkataza safari za mabasi, za kukaa wima kutwa nzima magoti yakigusa kiti cha mbele. Ndipo nikampa ahadi. Nikamwambia nitakuja na gari langu, nitamlaza kitandani, nitafungua pazia, nami nitaendesha polepole mpaka kule tulikozaliwa, kwenye kile kisima tulichokuwa tukichota maji. Ni nusu siku tu kutoka kwake.

"Hilo gari upana wake ukoje?" akaniuliza.

"Futi nane. Na vioo vya pembeni, weka tisa."

"Haya. Nimesikia."

"Na usije ukanijia kwa basi," akaongeza. "Nataka nilione hilo gari. Nataka nipande."

Niliona ni maneno ya mtu mgonjwa anayependa kujua kila kitu. Nikapanga tarehe: mwezi ujao, siku ya kwanza.

Sasa nije kwa mume wangu. Si mtu mbaya. Inaniuma kulisema, lakini ni kweli. Alikuwa mtunza stoo wa shule kwa miaka thelathini, kugawa chaki, kuhesabu madaftari, kusaini. Alipostaafu akakaa barazani na redio yake akisalimia wapita njia. Walimwitikia huku wanatembea. Hakuna aliyesimama. Mwaka mzima nilikuwa nikirudi kutoka kazini namkuta kwenye kiti kilekile, na kila mara alikuwa na swali lilelile: "Leo huko nje kuna jipya?"

Ndipo transfoma ya mtaa wetu ilipoungua. Umeme ukawa unakuja saa tatu kwa siku, tena kwa kujisikia kwake. Friji likaanza kunuka, simu zikazimika, na mume wangu akatoka barazani akaenda kusimama mbele ya Konokono, lililokuwa limeegeshwa ubavuni mwa nyumba, karibu na dirisha la jikoni. Alikuwa anatazama juu, kwenye paa.

"Hizi paneli zinakula jua la bure tu," akasema. "Na sisi humu ndani tuko gizani."

"Za gari hizo."

"Gari si letu? Wiki mbili tu, mke wangu. Wakishatengeneza transfoma, nachomoa."

Alimwita fundi umeme, wakatoa waya mnene kwenye inveta, wakaupitisha dirishani, wakaufunga kwenye kibao chenye soketi nne juu ya meza ya jikoni. Dirisha lile halikufungika tena tangu siku hiyo. Ngazi niliwashikia mimi mwenyewe, kwa mikono yangu miwili. Na taa ilipowaka nilifurahi, siwezi kudanganya. Taa nne, friji, redio, na simu za nusu ya mtaa zikichajiwa jikoni kwetu.

Siku ya nane akaleta mashine ya kuangulia vifaranga. Sanduku la mbao lenye kioo mbele, kimo chake kama kabati la vyombo, na ndani rafu nne, kila rafu inaingia trei moja ya mayai thelathini. Alilinunua kwa mtu aliyekuwa anahama. Akaliweka stoo, akalichomeka kwenye kibao, akaingiza trei ya kwanza kwa uangalifu wa mtu anayemlaza mtoto. Siku ishirini na moja. Nilihesabu kwa vidole: zingeisha siku moja kabla ya safari yangu.

Siku ya ishirini na moja walitoka vifaranga ishirini na wawili. Walikuwa wazuri, sikatai. Nikapima upepo wa matairi, nikajaza tangi la maji, nikatandika shuka mpya kwenye kitanda cha gari. Nikamwambia mume wangu, "Kesho alfajiri naondoka. Uchomoe waya leo jioni."

Akanitazama kama nimemwambia achomoe jino lake.

"Mayai yamo," akasema.

"Mayai gani tena? Si yametoka?"

"Ya rafu ya juu yametoka. Ya pili ya mshonaji, aliniomba nimwangulie, niliyaingiza Jumatatu ile. Ya tatu ya mwalimu, Jumatatu hii. Rafu haziwezi kukaa wazi, mke wangu. Mashine inakula umeme uleule iwe na trei moja au nne."

Hiyo ndiyo iliyokuwa akili yake, na kwa mtunza stoo ilikuwa akili safi kabisa: rafu isikae tupu. Kila Jumatatu trei mpya inaingia, kila Jumatatu trei ya zamani inatoka, na katikati hakuna siku hata moja ambayo mashine iko tupu. Alikuwa amejenga kitu kisicho na mwisho, na waya wake umetoka tumboni mwa gari langu.

"Nani alikwambia uyaingize?" nilimfokea. "Si nilikupa tarehe?"

"Wiki tatu tu, ya mwalimu yatoke. Subira yavuta heri."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo. Hiyo huijui?"

Jumatatu iliyofuata akaingiza trei ya nne.

Nikampigia dada yangu Jumapili, kama kawaida yetu. Kabla sijasalimia akauliza, "Umefika wapi?" kama vile nipo njiani. Nikamweleza habari ya mayai. Alicheka mpaka akakohoa. "Umefungwa na kuku, mdogo wangu? Wewe Mama Dakika?" Nami nikacheka. Jumapili nyingine akauliza tena, umefika wapi, nami nikamjibu, mayai yamo. Ukawa mchezo wetu. Mwezi wa tatu alikuwa bado anauliza, ila kicheko kilikuwa kimefupika, kwa sababu pumzi ilikuwa imefupika. Mwezi wa tano aliuliza na hakucheka.

Na mume wangu wakati huo alikuwa amekuwa mtu. Watu walitoka mitaa ya mbali na trei zao mabegani wakimuulizia Daktari wa Mayai. Walimngojea barazani, pale pale alipokuwa akikaa peke yake. Alinunua koti jeupe la mitumba, akalivaa kwa kumaanisha. Mshonaji, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alikuwa akimwamkia kwa kupiga goti. Nilimwona mume wangu akirefuka, wallahi, mgongo ulinyooka. Ningewezaje kumkatia? Nikajiambia wiki nyingine tu, na nyingine. Sikumchukia hata siku moja miezi ile. Chuki ilikuja baadaye, ikaja yote kwa mkupuo.

Tena kila Jumamosi nilipanda juu ya paa la gari na ndoo na tambara nikafuta vumbi kwenye paneli, maana zikishika vumbi betri hazijai, na betri zisipojaa mashine inapoa. Nilikuwa nazisugua vizuri. Sijui kufanya kazi nusunusu. Kuku wawili walikuwa wameshaanza kutaga chini ya gari, karibu na tairi la nyuma, na mimea ya kutambaa ilikuwa imekwea kwenye bampa. Transfoma ilitengenezwa mwezi wa nne, lakini umeme ukaendelea kukatika kila siku kwa mgao, na mume wangu akasema umeme wa nguzo hauna imani.

Mshonaji aliniambia siku moja, akitunga uzi kwenye sindano, "Lakini dada, si upande basi tu ukamwone mgonjwa?"

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia ashone nguo zake. Ningeweza kupanda basi, na hilo ndilo linalonitafuna mpaka leo. Ni kweli dada alinikataza, lakini mgonjwa anakataza mengi. Kilichonizuia ni kiburi. Dereva wa miaka ishirini na minane kushuka kituoni na begi kichwani, nimwambie dada yangu gari nimeliacha linaangua mayai? Nilitaka nifike kama nilivyoahidi, taa zinawaka na honi inalia. Basi nikangoja.

Mara moja tu nilikaza moyo. Ilikuwa mwezi wa sita, mchana wa Alhamisi. Dada hakuwa amepokea simu Jumapili ile, aliipokea binti yake, akasema, "Mama mdogo, leo amelala, hawezi kuongea." Nililala nalo hilo siku nne, kisha nikaingia jikoni, nikaushika waya pale kwenye soketi, nikaanza kuvuta. Mume wangu akatokea stoo na koti lake jeupe. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga kelele, kelele nazijua. Alinishika mkono akaniambia, "Njoo uone kitu kimoja, halafu ukitaka, chomoa."

Akaniingiza stoo, akafunga mlango kukawa giza, akatoa yai moja kwenye rafu ya pili, akaliweka juu ya tochi yake. Yai likawaka jekundu. Ndani kulikuwa na mishipa imetawanyika kama mizizi ya mche, na katikati yake doa dogo jeusi. Doa lile lilikuwa linaruka. Tap, tap, tap.

"Moyo huo," akanong'ona. "Siku ya nne. Wako thelathini wa hivi. Sasa chomoa."

Nikatoka nje. Waya nikauacha. Niliuonea huruma moyo wa yai, mimi, wakati moyo wa mtu aliyenibeba mgongoni ulikuwa unahesabu siku zake. Mtu akiniuliza dhambi yangu ni ipi, ni hiyo.

Jumapili iliyofuata dada mwenyewe alipokea. Sauti ilikuwa inatoka mbali, lakini ilikuwa yake.

"Umefika wapi?"

"Naja, dada. Mwezi huu hauishi."

"Njoo tu," akasema. "Kuegesha hutapata taabu." Akapumzika. "Hutapata taabu kabisa."

Sikuelewa kwa nini anazungumzia kuegesha. Nikamwambia apumzike.

Jumatano ya wiki ya pili yake, saa moja kasoro dakika ishirini asubuhi, nilikuwa namimina chai. Simu ikalia, ni binti wa dada. Alilia tu, nami nikaelewa, nikaendelea kumimina mpaka kikombe kikafurika, chai ikatiririka juu ya meza hadi kwenye kibao cha soketi.

Mume wangu alitoka chumbani akanikuta nimesimama. Aliinyofoa simu mkononi mwangu, akasikiliza, akasema pole, akaikata. Na hapo ndipo alipoonyesha umahiri. Akafuta meza. Akachomoa waya kwenye kibao, akauvuta nje kupitia dirishani, akaukunja mduara mzuri, akaufungua kwenye inveta kwa bisibisi, skrubu mbili. Akawafukuza kuku. Akakata mimea kwenye bampa kwa kisu cha jikoni. Kisha akaingia stoo, akashusha chemli iliyokuwa inaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, ile ya mafuta ya taa, ambayo nimepita mbele yake kila siku ya Mungu nikienda kuchukua ufagio. Akaifuta utando wa buibui, akatia mafuta, akakata utambi, akaiwasha. Akafungua bati la chini la mashine, akaisukuma chemli ndani, akaweka bakuli la maji kando yake, akachungulia kipimajoto kwenye kioo. Akapunguza utambi kidogo. Akachungulia tena.

Juu ya mlango wa jikoni tuna saa ya ukuta. Macho yangu yalikuwa pale, ni mazoea ya kazi. Tangu ashike waya mpaka anyanyuke kwenye mashine zilipita dakika tisa.

"Tayari," akasema, akijifuta mikono kwenye koti. "Gari liko huru. Nenda, mke wangu. Mungu akutangulie."

"Na mayai?"

"Mayai hayana shida. Chemli itayatunza. Marehemu mama yangu alikuwa anaangua kwa chemli, umeme hata hatukuujua. Joto ni joto."

Nikaketi kwenye ngazi ya gari.

"Kwa hiyo ilikuwa inawezekana," nikasema. "Siku zote hizi."

Ndipo akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Nadhani alianza kuona ni wapi amekanyaga.

"Ilikuwa inawezekana," akasema taratibu, "ila ina taabu zake. Inabidi kuamka kuangalia utambi. Moshi. Ukisinzia joto linashuka. Umeme ni rahisi zaidi, mke wangu. Unalala usingizi wako."

"Unalala usingizi wako," nikarudia.

"Sikujua itakuwa haraka hivi. Ungeniambia amezidiwa."

Nilikuwa nimemwambia kwa miezi saba. Lakini sikubishana naye. Ubishi ni wa watu wenye muda, na mimi wangu alikuwa ameumaliza. Akasema angependa tuende wote, ila lazima abaki mtu wa kuangalia taa. Nikapanda, nikawasha gari. Liliwaka kwa taabu, mara ya nne. Kwa kilomita nzima ya kwanza matairi yalikuwa yanadunda, yalikuwa yamebonyea upande mmoja kwa kusimama.

Niliendesha siku mbili. Nililala saa chache uani mwa kituo cha mafuta, juu ya zile shuka mpya ambazo hakuna aliyezilalia. Njiani binti wa dada alinipigia kunieleza kwamba hawawezi kuningoja, joto ni kali na hakuna mahali pa kumhifadhi, watazika Alhamisi alasiri. Mimi nilifika Ijumaa saa nne asubuhi. Katika miaka yote ya kiwanda sikuwahi kufika mahali nikakuta kazi imekwisha, watu wamerudi makwao.

Nilikumbuka barabara ya kwa dada, kichochoro chembamba kati ya kuta mbili, na lango lake la bati lililokuwa linapitisha mkokoteni kwa shida. Nilikuwa nimeshapanga nitaegesha kwenye barabara kuu, nitembee. Lakini nilipokata kona niliona lango si lile. Nguzo mbili mpya za matofali, saruji bado haijapakwa rangi, na kati yake uwazi mkubwa kuliko nyumba yenyewe ilivyostahili. Misingi ya nguzo za zamani ilikuwa bado inaonekana chini, kama visiki. Mwanamume mmoja mwenye kofia iliyokakamaa kwa saruji aliinuka kutoka kwenye kiti kilichokuwa kando ya nguzo, akaanza kunionyesha kwa mkono: njoo, njoo, kushoto kidogo.

Sikuhitaji kuonyeshwa. Niliingia mara moja. Upande wa kulia ilibaki nusu futi, upande wa kushoto nusu futi. Kioo hakikugusa.

"Ndiyo hilo," yule mtu akasema nilipozima. "Pole sana, mama. Mimi ni fundi mwashi, ndiye niliyeubomoa huu ukuta. Marehemu alinipimisha mara tatu. Alisema gari ni futi tisa na vioo, wewe weka kumi, mdogo wangu asije akakwaruza."

"Lini hiyo?"

"Mmh, miezi saba sasa. Alisema unakuja tarehe moja, akanikimbiza nimalize kabla."

Binti wa dada alitoka ndani, akaniangukia begani. Tulilia hapo hapo uani. Alipopata sauti alinionyesha ardhi chini ya magurudumu ya Konokono. "Hapa alikuwa hataki mtu aanike nguo, Mama mdogo. Wala baiskeli isilale hapa. Kila asubuhi ananiambia nifagie, ni pa gari la mdogo wangu. Halafu namtolea kiti pale kwenye nguzo, anakaa mpaka jua limtoe." Akajifuta pua. "Alikuwa anasema ukija tutakuwa na taa mpaka chumbani kwake."

Nyumba ile haikuwa na umeme wowote. Nikaingia garini, nikautoa ule waya kwenye mduara wake mzuri, nikaupitisha kwenye dirisha la chumba cha dada yangu. Waliokuja kuhani jioni ile walikaa kwenye mwanga. Kitanda chake kilikuwa kimekunjwa godoro.

Jumatatu mume wangu alipiga simu. Nilikuwa nimekaa kwenye kile kiti, kando ya nguzo. Alinipa pole tena, akauliza kaburi liko wapi, akauliza kama nakula. Kisha sauti yake ikachangamka, hakuweza kujizuia, namjua.

"Mke wangu, huwezi kuamini. Trei ya mshonaji imetoka leo. Mayai thelathini, vifaranga ishirini na tisa! Ishirini na tisa! Haijawahi kutokea tangu nianze. Joto la chemli limetulia kuliko la umeme. Kumbe lile gari hata hatukulihitaji."

Mbele yangu Konokono lilikuwa limesimama pale palipofagiwa, mlango wazi, shuka zikionekana.

"Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Watu wamejaa hapa, trei nyingine zinangoja. Ukirudi nitakueleza yote. Utakuwa njiani wewe sasa, au siyo? Umefika wapi?"

"Nimefika," nikamwambia, nikakata simu.